Mabano Yanasemwaje? Historia Fupi ya Fumbo la Nne Nne

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeanza Kiswahili katika idara yetu hufundishwa kuhesabu katika wiki mbili za mwanzo. Hupita moja hadi kumi, akaingia makumi, akafika mia, na hapo hujiona amemaliza. Sisi walimu nasi, tukiwa tunakimbizana na ngeli na viambishi, humwacha aendelee kujiona hivyo. Lakini mwambie aeleze kwa sauti jinsi yeye na wenzake watatu walivyogawana gharama ya chakula baada ya mmoja wao kuwalipia wote nauli. Kabla sentensi haijafika katikati utamsikia amekwisha hamia Kinyarwanda, au Kiingereza, au Kifaransa kama ni mtu wa umri mkubwa kidogo. Orodha ya namba anayo. Lugha ya kufanyia hesabu hana.

Kwa ajili ya tatizo hilo, kwa miaka mingi nimekuwa nikitumia darasani chemshabongo moja ya zamani. Makala haya yanakusudia kueleza chemshabongo hiyo imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani. Yanaeleza pia kosa nililolifanya mimi mwenyewe kwa kuitumia kabla ya kuielewa, kosa lililomgharimu mtu mwingine mwaka mzima.

Kanuni zake ni chache. Unapewa tarakimu nne, na zote ni 4. Uzitumie zote, usiongeze nyingine, na kwa alama za hesabu unazozijua utengeneze 0, kisha 1, kisha 2, uendelee hadi utakapokwama. Mwanzo ni mwepisi:

44 − 44 = 0
44 ÷ 44 = 1
4 ÷ 4 + 4 ÷ 4 = 2
(4 + 4 + 4) ÷ 4 = 3

Ukiendelea utaona kwamba 10 hupatikana kwa (44 − 4) ÷ 4, lakini 11 inakataa. Kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu, hata ukiruhusiwa kubandika 4 mbili zikawa 44, hutaipata. Lazima uombe alama mpya. Ukipewa kipeuo cha pili, 11 inakubali mara moja: 44 ÷ (√4 + √4). Halafu unatembea vizuri hadi 18, na kwenye 19 unakwama tena. Hapo wengine huomba faktoria, yaani 4! ambayo ni 4 × 3 × 2 × 1, wakaandika 4! − 4 − 4 ÷ 4. Wengine huomba nukta ya desimali, wakaandika (4 + 4 − 0.4) ÷ 0.4. Majibu yote mawili ni sahihi, na darasani kwangu yamewahi kuzua ubishi wa nusu saa, kwa kuwa kila upande uliona mwenzake ametumia alama ambayo haikuruhusiwa.

Jina la fumbo hili nalo lina matata yake kwetu. Waingereza husema tarakimu zao za 4 ni nne, basi wakamaliza. Kiswahili tukisema “nne nne” msikilizaji anaweza kudhani tunagawa vitu, kila mtu apate vinne. Nilijaribu “fumbo la 4 mara nne”, wanafunzi wakajibu 16. Nimerudi kwenye “nne nne” na kuuacha utata ulivyo, kwa sababu utata wenyewe ndio somo.

Aina hii ya mafumbo ni ya zamani kuliko fumbo la nne nne lenyewe. Mwaka 1743 mwalimu Mwingereza Thomas Dilworth alichapisha kitabu cha hesabu cha shule, The Schoolmaster's Assistant, kilichotumiwa baadaye hata katika makoloni ya Marekani. Sehemu ya mwisho ina maswali ya kuchangamsha, na mojawapo ni la kijana anayemtambia ndugu yake kwamba anaweza kuzipanga tarakimu nne za 3 zikawa 34. Jibu ni 33 + 3 ÷ 3. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba Dilworth analiweka swali katika mazungumzo. Ni maneno ya mtoto kwa ndugu yake, na neno analolitumia kijana ni “kupanga”, wala si kukokotoa.

Nne nne zenyewe zinaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi mnamo Desemba 30, 1881, katika gazeti la sayansi la London lililoitwa Knowledge. Mhariri wake alikuwa Richard Proctor, mtaalamu wa nyota, na gazeti lilikuwa na umri wa wiki chache tu. Aliyeleta fumbo hilo alijificha nyuma ya jina la Kilatini lenye maana ya mwenye hamu ya elimu. Kutoka hapo lilienea kwa njia ambayo vitendawili vyetu huenea: mtu hulisikia, hulipenda, humpa mwenzake. W. W. Rouse Ball, mwalimu wa hisabati wa Chuo cha Trinity, Cambridge, ambaye kitabu chake cha michezo ya hisabati kilitoka kwanza mwaka 1892 na kuendelea kutolewa upya hata baada ya kifo chake mwaka 1925, alilichukua na kulichambua. Alilipa heshima ya kulichunguza, akaonyesha kwamba umbali unaoweza kufika unategemea alama ulizoruhusiwa. Ruhusu moja zaidi, unasogea, nyima, unarudi.

Henry Dudeney, bingwa wa mafumbo wa Uingereza wa zama hizo, alikuwa na lake katika kitabu chake cha mwaka 1917: tarakimu 1 hadi 9 zikae kwa mfuatano wake, utie alama katikati, jumla iwe 100. Jibu lenye alama chache kuliko yote ni 123 − 45 − 67 + 89. Ni zuri, lakini kwa mwalimu wa lugha halina mengi, kwa hiyo nalipita.

Lenye mengi ni la Paul Dirac, mwanafizikia Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Wanasayansi vijana wa wakati wake walikuwa wakichezea fumbo kama hili kwa tarakimu za 2. Dirac aliumaliza mchezo wote kwa pigo moja. Alionyesha kwamba kwa 2 tatu tu, kwa kupanga vipeuo vya pili kimoja juu ya kingine na kuvifunga kwa logi mbili za kizio cha 2, unaweza kufika namba nzima yoyote utakayo. Ukitaka 5, panga vipeuo vitano. Ukitaka 500, panga mia tano. Tangu hapo hakuna namba ya kutafuta.

Ujanja wa Dirac unasimama juu ya jambo la uandishi. Alama ya kipeuo cha pili huandikwa √ bila kuonyesha kwamba kuna 2 iliyofichika ndani yake. Ndiyo maana unaweza kutumia vipeuo mia tano na bado ukadai kuwa umetumia 2 tatu tu. Sasa jaribu kulisema jibu lake kwa Kiswahili. Kila unapofika kwenye alama hiyo unalazimika kutamka “kipeuo cha pili”, na ukitamka hivyo umekwisha itaja ile 2 iliyofichwa. Kwa kalamu Dirac ameshinda. Kwa mdomo wa Mswahili amevunja kanuni mara mia tano. Niliwahi kuwaambia hivyo rafiki zangu wa idara ya hisabati, wakacheka sana, lakini hawakunipa jibu.

Kutoka huko twende Brazil. Mwalimu wa hisabati wa Rio de Janeiro, Júlio César de Mello e Souza, aliyeishi kati ya 1895 na 1974, alichoshwa na jinsi somo lake lilivyowatisha watoto. Akabuni mwandishi Mwarabu aitwaye Malba Tahan, akambunia maisha yake, akambunia hata mtafsiri wa kuyaleta maandishi yake katika Kireno, kisha akaanza kutoa hadithi kwa jina hilo. Maarufu kuliko zote ni O Homem que Calculava ya mwaka 1938, kisa cha Beremiz Samir, kijana anayesafiri hadi Baghdad akitatua ugomvi wa watu kwa hesabu. Katika sura mojawapo Beremiz na mwenzake wanatembea sokoni, wanakuta duka lililopewa jina la Nne Nne, nje kunauzwa kilemba cha rangi ya bluu, na kutoka kwenye jina hilo anaanza kuwaonyesha jinsi tarakimu nne za 4 zinavyozaa namba moja baada ya nyingine. Anafanya yote kwa maneno, amesimama dukani, muuzaji akisikiliza. Watoto wa Brazil wa vizazi kadhaa walilijua fumbo hili kupitia kinywa cha Mwarabu ambaye hakuwahi kuwepo. Tarehe 6 Mei, siku aliyozaliwa Mello e Souza, ndiyo Siku ya Hisabati nchini humo.

Kwetu sisi Uarabu wa namba si wa kubuni. Sita, saba na tisa tumezipata kwa Kiarabu, pamoja na makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini, na mia na elfu. Sifuri ni ya huko, na hesabu yenyewe, na tarakimu. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa na mtandatu kwa sita na fungate kwa saba, neno ambalo limebaki katika siku saba za maharusi, na kenda kwa tisa, ambalo wazee wa pwani hawajaliacha. Mwanafunzi wa Rwanda hahitaji kufundishwa hayo mara mbili. Anasema gatandatu na icyenda kila siku, na nikimwandikia mtandatu na kenda ubaoni huona kwamba sita na tisa ndizo wageni. Hata alama nne za hesabu tumezichanganya: toa na gawanya ni za Kibantu, jumlisha na zidisha zina mizizi ya Kiarabu. Kwa hiyo Beremiz angekuja Zanzibar angeelewa nusu ya somo.

Sasa nieleze kosa langu.

Nilisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, na nilipanga chumba kwa familia moja yenye mtoto wa darasa la tano. Jioni moja alikuwa akifanya kazi ya nyumbani, akiimba neno ambalo sikulielewa. “Anko, hujui MAGAZIJUTO?” akaniuliza kwa mshangao. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: ndio utaratibu wa kufuata pale hesabu inapokuwa na alama nyingi. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi Tanzania analo hilo kichwani. Nililipenda neno lile, nikarudi nalo nyumbani kama zawadi, nikalifanya sheria katika madarasa yangu.

Miaka michache baadaye, katika chuo nilichokuwa nikifundisha kabla ya kuja hapa, nililiingiza fumbo la nne nne katika mtihani wa mazungumzo. Kila mwanafunzi alipewa namba moja, akatafuta jibu kwa kalamu, kisha akalisema kwa Kiswahili mbele yangu. Mmoja alipewa 6. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa (4 + 4) ÷ 4 + 4, sahihi kabisa. Akasimama, akasema: “Nne jumlisha nne gawanya kwa nne jumlisha nne.”

Nikamwambia hiyo si sita. Kwa MAGAZIJUTO kugawanya hutangulia, hivyo nne gawanya kwa nne ni moja, na nne jumlisha moja jumlisha nne ni tisa. Akanionyesha karatasi: ameweka mabano. Nikamjibu kwamba huu ni mtihani wa kusema, na mabano hakuyasema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa adabu, “Mwalimu, mabano yanasemwaje?”

Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kumpa sifuri katika swali lile. Sikujua kwamba mwishoni angebaki na alama 48, na kufaulu kulikuwa 50. Kulikuwa na siku chache za kurekebisha matokeo kabla hayajapelekwa. Sikuzitumia, maana ningelazimika kueleza mbele ya wenzangu kwamba aliyekuwa hajui jibu ni msahihishaji. Mwanafunzi yule alilirudia somo mwaka uliofuata.

Swali lake lilibaki nami. Nililikalia na kalamu, nikaona kwamba sentensi yake, kwa maneno yale yale manane, inaweza kutoa namba nne tofauti. Ukigawanya jumla ya kwanza peke yake unapata 6. Ukifuata MAGAZIJUTO unapata 9. Ukigawanya jumla ya kwanza kwa jumla ya pili unapata 1. Ukigawanya ile nne ya pili peke yake kwa jumla ya pili, kisha uongeze nne ya kwanza, unapata nne na nusu. Mimi nilichagua 9 kwa sababu ndiyo niliyofundishwa na mtoto wa darasa la tano, na yeye alifundishwa kwa ajili ya alama za ubaoni, hakufundishwa kwa ajili ya mazungumzo.

Jibu la kwanza lilinijia nikiwa nakula katika mkahawa mmoja wa Kigali, luninga ikiwa kwenye chaneli ya Kifaransa. Kilikuwa kipindi cha Des chiffres et des lettres. Kilibuniwa na Armand Jammot. Kilianza mwaka 1965 kama shindano la herufi tu, na mwaka 1972 kikapewa sura mpya, namba zikaungana na herufi, kikaendelea hadi mwaka 2024. Waingereza walikichukua wakakiita Countdown, na ndicho kilichokuwa kipindi cha kwanza kabisa kurushwa na Channel 4 ilipofunguliwa Novemba 2, 1982. Mshindani hupewa namba sita, kati yake huenda ikawamo 25, 50, 75 au 100, na namba ya kufikia yenye tarakimu tatu. Muda ni mfupi. Kwa Waingereza ni sekunde 30. Muda ukiisha, mshindani hasomi alichoandika kwa mstari mmoja. Anatamka hatua kwa hatua, na mtu mwingine anaandika ubaoni.

Mfano unaokumbukwa zaidi Uingereza ni wa mwaka 1997. Namba zilikuwa 25, 50, 75, 100, 3 na 6, na lengo 952. Mshindani alijumlisha 100 na 6 akapata 106, akazidisha kwa 3 akapata 318, akazidisha kwa 75 akapata 23,850, akatoa 50 ikabaki 23,800, akagawanya kwa 25 akapata 952. Ukumbi ulicheka, kisha ukapiga makofi. Tuache ukubwa wa namba, tutazame sarufi. Kila alipofanya tendo moja alisimama akalitaja jibu, na tendo lililofuata likalishika jibu hilo. Hakuna mabano popote, na hakuna aliyeyahitaji. Kumbe mabano husemwa kwa kukipa kitu jina kabla ya kukigusa tena.

Kiswahili kina chombo kizuri zaidi kwa kazi hiyo, nacho tunakifundisha kila muhula bila kukihusisha na hesabu. “Jumlisha nne na nne, jibu ligawanye kwa nne, kisha uongeze nne.” Ile -li- ndani ya “ligawanye” ndiyo mabano. Kiambishi cha mtendwa kinarudi nyuma, kinalikamata jibu zima, wala si ile nne ya mwisho, na msikilizaji hana njia ya kukosea. Ukitaka kwa nomino unaweza pia: “jumla ya nne na nne, igawanywe kwa nne”. Mwanafunzi yule alikuwa akivijua viambishi vya mtendwa kuliko wenzake wote. Hakuna aliyemwambia kwamba ndivyo alivyokuwa akivitafuta.

Jibu la pili lilikuwa limelala ndani ya namba zenyewe, nami nimezitamka tangu utotoni bila kuliona. Kila lugha hucheza mchezo huu wa kufikia namba kubwa kwa tarakimu chache. Mfaransa anayesema quatre-vingt-dix-neuf amezidisha 4 kwa 20, akaongeza 10, akaongeza 9, ndipo akafika 99; wazee wetu waliosomeshwa Kifaransa cha Kibelgiji walijipunguzia kazi kwa kusema nonante-neuf. Kiswahili nacho kina alama zake. “Mia na mbili” ni 102, “mia mbili” ni 200. “Na” ni jumlisha, na ukimya ni zidisha. “Saa nne kasorobo” ina kutoa, na nusu na robo na theluthi zina kugawanya. Mama muuza nyanya anazitumia alama zote nne kabla ya saa mbili asubuhi.

Na mabano yamo pia. Chukua “elfu kumi na tano”. Je, ni 15,000 au ni 10,005? Tatizo ni lile lile la mwanafunzi wangu: je, “na tano” inaungana na kumi, au inaungana na elfu kumi nzima? Wazungumzaji hawakungoja hisabati iwape alama. Walibadili mpangilio: elfu kumi na tano ni 15,000, ila ukitaka 10,005 useme “kumi elfu na tano”. Neno elfu likihamia nyuma ya kumi, linaifunga namba kama ukuta, na kinachofuata kinabaki nje. Wafanyabiashara wanaohesabu fedha nyingi wanayajua hayo vizuri, kwa kuwa kosa hapo lina gharama ya faranga 4,995.

Jambo moja limebaki, la mchezo ulio jirani wa nne nne. Wachina huchezea karata: hufunuliwa karata nne, na wa kwanza kufikisha 24 kwa namba zake ndiye mshindi. Robert Sun, mzaliwa wa Shanghai aliyeishi Pennsylvania, aliutengenezea kadi maalumu mwaka 1988 na shule nyingi za Marekani zikaupokea. Darasani mimi hutumia karata za kawaida nikiwa nimeondoa wafalme na wenzao. Nautumia siku hizi kuliko nne nne, kwa sababu ni wa kasi na hauna nafasi ya kuandika; inabidi kusema. Sharti langu ni moja tu: neno “mabano” ni marufuku.

Mwaka jana nilimtafuta mwanafunzi yule. Ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari sasa. Nilimweleza yote, na za siku zile za marekebisho nilizoziacha zipite, nikamwomba radhi. Alikaa kimya kwa muda, akasema mwaka ule ulikuwa mrefu, hasa kwa mama yake aliyekuwa akimlipia ada. Halafu akaniuliza kama bado nauliza swali lile kwenye mtihani. Nikamwambia nauliza, ila sasa nafundisha kwanza. Nikampa la karata: 3, 3, 8 na 8, zifike 24. Baada ya siku mbili akaniletea jibu kwa ujumbe wa simu, sentensi moja ya Kiswahili, haina alama hata moja, na haiwezekani kueleweka vingine.

Sitaliandika hapa. Wasomaji wanaombwa kulitafuta wenyewe na kulileta ofisi ya idara kwa maneno matupu. Atakayekwama akumbuke kwamba Kiswahili kina theluthi.